Bwana Aliniponya Ugonjwa wa Kudhamini Watu

Bwana asifiwe, kanisa! Nyinyi wa nyuma mmelala? Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja. Mimi ni Mama Njeri wa hapa Karagita, nimeokoka, na kazi ya shamba la maua nimeifanya mwaka wa kumi na tisa sasa. Pasta amenipa dakika kumi, na kwa vile ananijua, ameshika saa mkononi.

Ndugu zangu, mimi sikuwa mlevi. Sikuwa mwizi wala mchawi. Ugonjwa wangu ulikuwa kalamu. Mtu akinijia na fomu ya mkopo wa sacco aniambie, "Dada, nidhamini tu, nitalipa haraka," mkono unatangulia kichwa. Nimeweka sahihi hapo nje, kando ya tangi la maji, Jumapili baada ya ibada, kitabu changu cha nyimbo kikiwa ndicho meza. Niliona huo ni upendo. Nikimkatalia mtu, nitamwangaliaje siku ya meza ya Bwana? Nikadhamini watu saba! Sitawataja. Wengine wako hapa, na mmoja ameshaanza kuangalia viatu vyake.

Sasa, mume wangu, Baba Njeri yule pale, ni fundi wa mawe. Alianza kuwajengea watu kabla hatujaoana. Nyumba amejenga nyingi, lakini sisi na watoto watatu tunaishi chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Tulinunua kaploti kule Subukia. Nikamwambia, "Wewe chimba msingi. Mimi nina akiba sacco, nitachukua mkopo." Akachimba, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mikono yake mwenyewe.

Nikaenda sacco nimejaa imani. Karani akaangalia kompyuta yake, akasema, "Mathe, akiba yako yote imeshikwa. Umedhamini watu saba, na mmoja hajalipa tangu aache kazi." Yaani pesa ni yangu, jina ni langu, na siwezi kuigusa! Nilitoka pale nikitembea tu, sijui naelekea wapi.

Na hapa ndipo dhambi yenyewe iko. Nilimdanganya mume wangu. Nilimwambia mkopo unashughulikiwa. Miezi minane, unashughulikiwa! Mvua ikaja, msingi ukajaa maji. Na mimi kanisani naimba kushinda kwaya nzima, moyoni nimekauka.

Lakini Mungu hutumia watu. Kuna Mzee Simiyu, tulifanya naye kazi grinhausi moja. Alistaafu akajenga, na hana deni la mtu. Nikamuuliza amewezaje. Akaniambia kuna mshauri wa fedha Nakuru mjini, msichana anaitwa Moraa, ndiye aliyemsaidia kupanga. "Lakini usiende ukingoja pesa," akasema. "Yeye atakupa maswali."

Nilidhani ananitania. Nikaenda na bahasha, elfu tano ndani, nikijua atazipanda mahali zizae. Ofisi yenyewe iko juu ya duka la dawa za mifugo, ni meza na viti tu. Nikamsukumia bahasha. Akairudisha! Akasema, "Mama Njeri, mimi sishiki pesa za mteja nikamwekezee. Nalipwa ada ya ushauri, na nitakuambia ni ngapi kabla hatujaanza. Ukiona ni nyingi, tutaagana vizuri. Siuzi bima wala ploti, kwa hivyo hakuna mtu ananipa kamisheni juu yako." Ndugu zangu, mtu akikurudishia pesa mkononi siku ya kwanza, msikilize.

Halafu maswali yakaanza. Kodi ngapi, unga ngapi, natuma ngapi kwa mama yangu, sadaka ngapi, niko katika vyama vingapi, nikiugua leo ni nani atalisha watoto. Akaniambia nirudi na karatasi zote: ya mshahara, ya sacco, ya pensheni, hata kitabu cha chama cha mazishi. Niliudhika, kusema ukweli. Hata mama mkwe hakunihoji hivyo nikiolewa!

Nikarudi nazo. Ile ya sacco niliiweka chini kabisa, kana kwamba msichana wa watu hajui kufunua karatasi. Akaifikia. Akaniuliza polepole, "Hawa saba ni watoto wako?"

Nikasema, "Hapana, ni ndugu katika Bwana."

"Na Baba Njeri anajua?"

Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Akafunga faili. "Mama, siwezi kupangia nyumba ya watu wawili nikiwa na mmoja. Rudi naye." Nilikasirika njia nzima mpaka Gilgil. Kutoka Gilgil nikaanza kulia.

Nilifunga na kuomba wiki mbili Mungu anipe njia nyingine. Hakunipa. Basi tukaenda. Baba Njeri hakujua tunaendea nini, alikuwa amevaa lile shati lake la harusi za watu. Moraa akasema, "Mama, anza wewe." Nikasema yote, saba wote, na ule uongo wa miezi minane. Nikangoja kelele. Mume wangu hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema tu, "Mimi kila Jumamosi naenda kutoa maji kwenye ule msingi na ndoo." Jamani! Nililia mpaka nikaletewa maji.

 Kisha Baba Njeri akamgeukia Moraa, akauliza, "Sasa dada, tunaanzia wapi?" Tunaanzia! Mlisikia alivyosema? Hakusema "yeye aanzie wapi." Haleluya! Siku hiyo ndiyo nilifunguliwa, kabla shilingi moja haijarudi.

Msiende huko mkingoja muujiza. Moraa hakufuta deni la mtu. Alituambia ukweli tu: wanne wanalipa vizuri, tungoje wamalize. Wawili niwaombe watafute mdhamini mwingine. Na yule aliyeacha kazi akatoroka tutamlipia kidogo kidogo kutoka mshahara wangu, tumeze uchungu. Kuhusu mkopo mkubwa alisema tukiuchukua tutakuwa na nyumba bila unga. Tuanze na chumba kimoja na jiko, tununue mawe kila mwezi, na pesa ya ugonjwa ikae kando isiguswe. Uamuzi akatuachia sisi. Kila baada ya miezi mitatu tunarudi, anauliza tumefanya nini, na kama hatujafanya anatuangalia tu. Heri kukemewa!

Kuwaendea wale wawili ilikuwa kazi. Mmoja alinielewa. Mwingine, dada niliyempenda sana, hakunisalimia miezi miwili, na bado inaniuma. Lakini nilisema "hapana" kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikufa.

Ndugu zangu, mwezi uliopita tuliezeka kile chumba na jiko kule Subukia. Nilikuwa likizo, tukaenda kukaa huko sote. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Baba Njeri ameketi mlangoni na kikombe cha chai, anapapasa ukuta. Nikamuuliza, "Kuna ufa?" Akasema, "Hapana. Nyumba zote nilizojenga, nikimaliza nakusanya vyombo vyangu naondoka. Hii sasa sijui nifanye nini." Nikamwambia, "Kunywa chai." 

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mzee Simiyu, na yule msichana mwenye maswali, na mume ambaye hakunitupa nilipostahili kutupwa. Na wewe uliyeketi hapo na siri ya pesa, usiogope. Mtumaini Bwana, naye atakushika mkono hata ukitetemeka. Yeye hiyo siri anaijua tayari. Amebaki mtu mmoja tu wa kuambiwa, na pengine ameketi karibu nawe sasa hivi. Mwambie leo, kabla hamjakula. Amina.