Dada Mara Moja Tu Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, tarehe 30 mwezi huu, mtaalamu wetu mkuu wa picha anastaafu. Hospitali nzima inamwita Dada Mara Moja Tu. Mwenyewe anasema anakwenda kulala. Sisi tunaomjua tunasema, thubutu!

Alianzia chumba cha eksirei, enzi za kusafisha filamu gizani. Mashine ya CT ilipoletwa akakabidhiwa yeye, akailea kama kitinda mimba wake. Ila kuna jambo lilimkera. Majeruhi alikuwa anapigwa picha ya kichwa, anarudishwa mapokezi. Daktari akiingiwa na shaka ya kifua, analetwa tena. Tumbo nalo, safari nyingine. Na aliyeumia vibaya, kila akinyanyuliwa anazidi kuumia. Dada akakaa na madaktari mpaka wakakubaliana: mtu wa namna hiyo apigwe picha mwili mzima kwa mpigo mmoja, kichwa hadi mapaja. Mikanda na zipu, kwa kuwa chuma huharibu picha, vitolewe huko huko mapokezi, dripu zote zipangwe upande mmoja.

Akabandika karatasi mlangoni: "Majeruhi ahamishwe mara moja." Loo! Wabeba machela wakaelewa ni upesi. Kesho yake wakaja mbio na bwana mmoja, koti na buti mwilini, dripu imenasa kwenye kitasa. Akapandishwa mezani, akashushwa avuliwe, akapandishwa tena. Bahati nzuri hakuwa ameumia sana, maana alipata nguvu ya kutugombeza. Dada alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akachukua kalamu akaongeza neno: "tu." Karatasi ipo mpaka leo, na jina likamganda.

Mimi, muuguzi wa mapokezi, niliomba mwenyewe kuandika haya. Mdogo wangu ni fundi mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akaletwa zamu yangu. Mguu ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa anaongea, hata akanitania kwamba nimenenepa. Zamani tungeshughulika na ule mguu, basi. Daktari aliona midomo yake imepauka, akaagiza mwili mzima, na Dada alikuwa ameshaiandaa meza. Kumbe bandama imepasuka, tumbo linajaa damu! Kutoka kwenye mashine akapelekwa moja kwa moja upasuaji, mimi bado natafuta pa kukaa. Daktari wa upasuaji alipotoka kuniambia yu hai, nililia kama mtoto. Uchungu wote ulinitoka.

Leo mdogo wangu ndiye aliyepanga viti vya sherehe hii. Bado anasema nimenenepa, na mimi namwacha aseme.

Dada, ahsante. Vijana uliowafundisha wanaiweza ile meza, usiwapigie simu kila asubuhi kuwauliza. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wasiochoka kukuchekesha. Na kuja kututembelea, tafadhali, isiwe mara moja tu.