Mwalimu Wekulo na Litungu la Nyuzi za Sweta

Ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, marehemu Mwalimu Japheth Wekulo Lusweti alizaliwa tarehe 12 Machi 1937 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Lusweti na Mama Nanyama, na ni malishoni huko ambako baba yake mdogo alimfundisha kupiga litungu, kinanda chetu cha nyuzi saba.

Alisoma shule za nyumbani Chwele, akahitimu chuo cha ualimu cha Kaimosi mwaka 1960, na Januari 1964 akaletwa kufundisha Kawangware. Tarehe 18 Desemba 1965 alimwoa Lenah Nabalayo, ambaye wengi mnamjua kama Mama Wepukhulu wa sweta pale Soko la Toi, wakajaliwa sisi watoto wanne, Wepukhulu, Nanyama, Lusweti na Nasimiyu.

Mwaka 1981 alihamishiwa shule ya msingi upande wa Kianda, Kibera, akaanzisha klabu ya litungu kwa watoto waliozaliwa mjini, ambao walilijua kwa kulisikia redioni tu. Litungu lilikuwa moja, lake mwenyewe, basi ili wengine wajifunze wakingoja zamu, alifumua sweta zilizomchakalia mama sokoni, akatandaza gunia ukutani na kushonea juu yake nyuzi saba za rangi saba, kuanzia nyekundu nene hadi nyeupe nyembamba. Hata hivyo watoto walizidi kukosea, palipotakiwa uzi mnene wakavuta mwembamba, na mwalimu mkuu akasema kwamba mkaguzi akija akasikia kelele hizo, klabu itafungwa.

Jambo hilo lilimkosesha raha marehemu, mpaka siku alipoketi na litungu kifuani mbele ya gunia lake akaona kosa, kwamba alikuwa amelichora kama anavyoliona mtazamaji, si kama anavyoliona mpigaji. Alifumua yote akashona upya, kisha akawapa wanafunzi mgongo, waketi nyuma yake na kuchungulia mabegani. Mwalimu mkuu alimwuliza tangu lini darasa likafundishwa kwa kisogo, naye akajibu kwamba uso wake watoto walikwisha kuuona vya kutosha, na tangu hapo wakamwita Mwalimu Mgongo, jina alilolipenda.

Mkaguzi alifika Novemba 1982, akamkuta mwalimu ameelekea ukutani, akakunja uso, lakini litungu lilipopita mkono hadi mkono, na Okello, mtoto wa Kisumu, akapiga, na wasichana, ambao wazee wa nyumbani wasingewaruhusu hata kuligusa, wakapiga bila kukosea, mkaguzi alibeba kiti chake akaenda kuketi nyuma pamoja na watoto. Klabu haikufungwa.

Mapema mwaka 1987 aliugua figo, mikono ikalegea, na Nanyama, aliyeacha kidato cha pili ili amwuguze, akawa anashona huku baba akimwelekeza kwa macho, hadi gunia alilokuwa ameiahidi shule yake ya zamani ya Kawangware likakamilika. Alituacha Jumanne, tarehe 4 Oktoba 1988, katika Hospitali ya Kenyatta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kianda waliotupikia na kukesha nasi, wanawake wa Toi, na walimu wenzake wote, akiwemo mwalimu mkuu, aliyetuambia jana kwamba sasa anaye mtu wa kushona magunia ya klabu, ndiye Nanyama, nasi tukaitika.

Pumzika kwa amani, Mwalimu Mgongo, klabu itakutana Jumatano kama kawaida.