Maman Godelive, Aliyetufikisha Nyumbani

Bukavu, tarehe 31 Machi 2003

Kwa heshima ya Maman Godelive Nabintu,

Leo Maman Godelive anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika buanderie ya hospitali yetu, mahali mashuka ya wagonjwa yanapofuliwa na kupigwa pasi. Aliingia mwaka 1976, msichana kutoka Katana, na kwa muda mrefu sasa amekuwa mkubwa wetu.

Wengi wanamjua kwa kazi. Umeme ukikatika, yeye ndiye aliyewasha pasi za makaa. Sabuni ilipokosekana mjini, alituma watu soko la Mudaka kutafuta majivu ya maganda ya ndizi. Alipenda kuimba akikamua mashuka, na sauti yake, tuseme ukweli, haikuwa nzuri.

Lakini sisi wanawake tunaopanda mlima jioni kurudi mtaa wa Kadutu tunamjua kwa barabara. Mwaka 1999, wakati wa vita, mdogo wangu Delphine, aliyekunja mashuka pamoja nasi, aliondoka kazini peke yake ili awahi duka la dawa, maana mtoto wake alikuwa na homa. Hakufika nyumbani. Tulimpata kesho yake, tukamzika. Siku ya maziko Maman Godelive aliona jambo: wanajeshi wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, waliozoea kumsimamisha kila mwanamke, waliwaacha watu wa kilio wapite.

Tangu juma lile, hakuna mwanamke wa buanderie aliyerudi peke yake. Kazi ikiisha tulifunga vitambaa kichwani kama watu wa kilio, yeye akatangulia, nasi tukapanda tukiimba nyimbo za kilio polepole. Hakuondoka kwenye nyumba ya mtu mpaka aone mlango umefungwa. Mume wake, Papa Honoré, alimngoja juu ili washuke pamoja.

Jioni moja mwanajeshi alitushuku.

"Kila siku iko kilio? Nani alikufa?"

Maman Godelive, ambaye hajui kudanganya, alijibu: "Delphine. Huyu njo dada yake."

Mwanajeshi alinitazama. Nilikuwa nalia, wala hakuna aliyeniomba nilie.

"Pole, maman. Mupite."

Siku ya pili alitupatia sukari ya chai ya kilio. Mwenzetu Virginie, asiyekosa neno, alinong'ona: "Kesho tumuulize kama iko na muchele." Tulijizuia kucheka mpaka tukakata kona.

Baada ya hapo, kila tulipoulizwa, Maman Godelive alitaja jina lile lile. Sijui kama alijua wema alionitendea. Mtaani watu walikuwa wameacha kulitaja mbele yangu, wakidhani wananihurumia. Yeye alilitaja kwa sauti, mbele ya bunduki, na mimi Jeanine nilifika nyumbani nikiwa nimemsikia mdogo wangu.

Katika wote aliowapandisha, hakuna aliyepotea njiani. Kuanzia kesho atatangulia mwenzetu Fanny. Ametuambia anaogopa, nasi pia tunaogopa, lakini tutapanda naye. Yeye ana sauti nzuri, tutazoea.

Asante, Maman. Rudini Katana salama, wewe na Papa Honoré, mikono yako ipumzike na usingizi wako uwe mtamu. Na jua linaposhuka nyuma ya milima, utukumbuke sisi tulio njiani.