Kata Imegawa Kata

Ndani ya jipni, daladala za mji wa Iloilo, abiria hukaa goti kwa goti, kwa hiyo sikuweza kujifanya sisikii. Mama mmoja alikuwa amepakata kata mpya ya plastiki ya kuchotea maji, ndogo kama kikombe cha chai.

"Kata yetu imetugawia kata, kisha ikakata maji," alimwambia mzee aliyemkabili, ambaye fulana yake ya baraza la kata iliandikwa jina SERAPIO.

"Hayakukatwa, mama. Yanakuja kwa ratiba. Na kwa kata hiyo unaokoa nusu."

"Baba, zamani nilikuwa naoga kata nane. Sasa naoga kumi na sita. Hiyo nusu iko wapi?"

"Tatizo lako unahesabu."

Sisi wengine tukatazama nje, kwa heshima.

Jipni ikasimama penye mtaro wa bomba jipya la mradi wa maji, lililopasuka. Maji safi yalikuwa yamefunika barabara nzima, na hiyo ilikuwa siku ya tatu yakimwagika. Mama akashuka, akakunja sketi, akachota, akajimwagia kichwani.

"Moja," akasema.

Serapio akachungulia dirishani. "We mama, acha! Hayo si ya kuoga. Hayo ni ya mradi."

"Mbili."