Ta Avit na Swichi ya Gari la Buluu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Ndugu Avit Byabato atavua ovaroli kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya kando ya Mto Kanoni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi mitatu. Aliingia Machi 1988, kijana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Kishanda, Muleba, akiwa na bisibisi moja ya kuazima. Anatoka akiwa babu wa wajukuu wanne. Bisibisi ile hakuirudisha mpaka mwenye nayo akafariki, naye husema aliyemwazima hakutaja siku.

Hapa kazini sote humwita Ta Avit, kama Wahaya wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. Mjini ana jina jingine. Waendesha bodaboda wa stendi humwita Zima, na wapo wanaolitamka kwa sauti akipita, kisha wakacheka. Jina hilo linaelekea mwaka wa kumi na moja sasa. Meneja wetu, Bi. Hellen, aliponikabidhi ukurasa huu wa jarida letu la *Spana*, alinisihi niandike ya kufurahisha tu na hilo jina nilipite kimya. Nimejaribu, nimeshindwa. Mtu hawezi kurudi kwao na jina lisilo lake, na mimi najua lilikotoka. Lakini ya kufurahisha nayo yapo, basi tuanze nayo.

Novemba moja, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, dereva wa lori alikuja akilalamika kwamba taa zimefifia na injini inachemka. Mafundi watatu walikwishafungua nusu ya lori. Ta Avit alikuja na sufuria. Akafungua mbele, akachota senene waliojaa kuanzia kwenye taa hadi kwenye rejeta, na lori likapona hapo hapo. Senene wale tulikaangiwa siku ile ile, na dereva akaombwa kwa heshima zote apite tena kesho.

Mwaka 2003 alitumwa kisiwani Goziba kutengeneza jenereta ya kambi ya wavuvi. Kazi ilikuwa ya saa moja. Alikaa siku tisa, kwa sababu ziwa lilichafuka na hakuna mashua iliyothubutu kuondoka. Kwa siku hizo tisa alitengeneza redio kumi na sita, tochi zisizo na idadi, na meno ya bandia ya mpishi wa kambi. Alirudi na gunia la dagaa na kiapo kwamba Goziba hatakanyaga tena mpaka wajenge daraja.

Mwaka 2006 akawa mkuu wa kitengo cha umeme. Mafundi kumi na mmoja wamepita mikononi mwake, na kila mmoja anajua kelele atakazopigiwa akiacha waya bila kuufunga utepe.

Kitu kimoja tu kilimshinda: kuandika. Mwandiko wake ni balaa, kuku mwenye haraka anamshinda. Mimi Maimuna, karani wa mapokezi, nilipoajiriwa Agosti 2014, akanifanya kalamu yake. Yeye alisema, mimi nikaandika kadi za kazi. Na wakati mwingine nilimrekebisha Kiswahili, kwa majivuno yangu, maana mimi ni mtoto wa mjini, bibi yangu alitoka Tanga, na yeye Kiswahili alikikuta shuleni.

Oktoba ya mwaka huo aliingia Ismael, kijana mfanyabiashara wa hapa Bukoba, na gari dogo la michezo, la buluu, milango miwili. Mwisho wa wiki yeye na wenzake walishindana mbio kwenye barabara za changarawe za Muleba. Alitaka awekewe swichi ya kuzima ABS.

Kwa wasioijua, ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga breki kwa ghafla. Kwenye lami yenye maji ndio unaokuokoa, maana gurudumu lililoganda halifuati usukani. Kwenye changarawe mambo ni kinyume. Huko gurudumu likiganda hujichimbia na gari husimama upesi, na ABS hulinyima nafasi hiyo. Ismael hakuwa akisema uongo.

Ta Avit alimkatalia mara mbili. Alimwambia kwamba waliotengeneza gari hawakuwa wajinga. Mara ya tatu Ismael alikuja na bampa limejaa majani ya migomba. Kwenye mteremko wa Kishanda gari lilikuwa limekataa kusimama, likaingia kwenye kibanja cha watu, na nusura limkute mtoto. Mteremko ule Ta Avit ameupanda na kuushuka tangu anatumwa maji. Akasadiki, akakubali.

Hapo ndipo kosa lake lilipo, na mwenyewe hajalikana hata siku moja. Aligusa kitu kilichowekwa ili kuokoa watu, akampa mtu mmoja uwezo wa kukizima, akasahau kwamba magari huazimwa.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Swichi ndogo chini ya redio: ikiwa juu, ABS inafanya kazi, ikiwa chini, haifanyi. Taa ya njano yenye herufi ABS aliiacha makusudi, ili iwake pale mfumo unapozimwa na kumkumbusha dereva. Akataka chini ya swichi paandikwe ABS IMEZIMWA. Kibandiko kilikuwa kipande cha plasta ya kidonda, upana wa kidole gumba. Kikaandikwa neno moja tu: ZIMA. Ismael alikuwa nje akipiga honi. Ta Avit alikitazama kibandiko, akasita, akaliruhusu gari liondoke.

Jumamosi ya tarehe 15 Novemba 2014, Sada, dada yake Ismael, aliazima gari lile kwenda msibani Muleba. Mvua ilikuwa inanyesha. Swichi ilikuwa chini, kama Ismael alivyoiacha baada ya mbio zake. Sada aliona taa ya njano inawaka, akaona imeandikwa ABS, akajua ABS inafanya kazi. Akasoma na plasta, akajiambia kwamba gari ni zima, halina tatizo. Haya aliyaeleza polisi huku analia, na mimi sijui ni nani angesoma vingine. Tunasema zima taa, na tunasema gari zima.

Kwenye mteremko wa lami karibu na Kagoma pikipiki iliingia barabarani ghafla. Sada akakanyaga breki, magurudumu yakaganda, usukani ukawa pambo. Gari likateleza hadi ukingoni, mahali ambapo Protase, mkulima wa pale pale, alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Alikufa kabla hajafikishwa hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Aliacha mke, Celina, na watoto wanne.

Ta Avit alikwenda polisi kabla hajaitwa. Akaulizwa swichi ameiweka nani, akasema ni yeye. Akaulizwa neno lile ameliandika nani, akasema ni yeye. Alilala mahabusu siku nane. Alipotoka, karakana ilimvua ukuu wa kitengo na kumpeleka chumba cha betri, na huko ndiko amemalizia utumishi wake, akichaji betri za watu. Jina la Zima lilianza wiki ile ile.

Kuanzia Januari 2015, kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alibeba jembe akaenda Kagoma kwa Ma Celina. Mara ya kwanza mama yule alimkuta amesimama uwanjani, akamwambia arudi alikotoka, na asimwonyeshe tena uso wake. Wiki mbili baadaye alikuwa pale pale. Mara ya nne Ma Celina alimwacha alime, lakini hakumkaribisha ndani, wala hakumpa akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo kwa Wahaya hata mgeni asiyependwa hupewa kwanza. Miaka mitatu mizima mzee alipalilia migomba ya marehemu, akachuma kahawa yake, akanywa maji aliyotoka nayo nyumbani.

Jumatatu moja ya mwaka 2018 alisimama mbele ya meza yangu, akafungua kiganja. Punje mbili za kahawa. Kisha akaenda zake kwenye betri. Mimi nilijifungia chooni nikalia mpaka mteja akaja kugonga.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Neno lile niliandika mimi. Ta Avit alinitajia maneno mawili, nikaona plasta haitoshi, nikafupisha, tena nikajiona hodari. Nikalibandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ningeandika kwa herufi ndogo zaidi, au ningekata plasta nyingine, Sada angejua, na angeisukuma ile swichi juu kabla hajatoka Bukoba.

Siku polisi waliporudi naye karakana kukagua, nilikuwa na miezi mitatu kazini, bado kwenye majaribio, na mimba ya miezi mitano. Ta Avit alipita mapokezi katikati yao, akanitazama, akaweka kidole midomoni. Baadaye nilimfuata kwenye chumba cha betri nikitaka kusema. Alinijibu kwamba aliyeona kosa akaliacha lipite naye ameliandika, na kwamba mtoto hazaliwi mahabusu, na nisimrudie tena na habari hizo. Nikakubali. Nilikubali upesi mno, na upesi ule ndio unaoniuma kuliko hata lile neno. Mwanangu ana miaka kumi sasa. Amekua mama yake akiwa na kazi, na Ta Avit akiitwa Zima.

Na ninyi wenzangu mnaosoma kadi za kazi kila siku, mwandiko wangu mnaujua. Wala hamkuuliza.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari kwenda Kagoma, kwa sababu si haki Ma Celina aje kuyasikia haya kwa watu. Nilimkuta uwanjani anamenya ndizi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye alinisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha kisu. Nilipomaliza aliinuka na sufuria yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikupewa akamwani, na sina cha kulalamika. Jembe nimeshanunua. Ta Avit alisubiri miaka mitatu, na mimi nimechelewa kuanza.

Barua yangu kwa polisi nimeipeleka. Nakala iko kwa Bi. Hellen tangu Jumatatu. Atakaloamua, na aamue. Ukurasa huu ameusoma, akakaa nao siku nzima, akaurudisha bila kufuta hata mstari.

Ta Avit, najua utanikasirikia Ijumaa ukisoma hapa mbele ya watu. Nikasirikie tu. Kwa niaba ya karakana nzima tunakushukuru kwa miaka thelathini na saba, kwa mafundi uliowalea, kwa senene, na kwa zile redio za Goziba ambazo huenda zinalia hadi leo. Kwa niaba yangu peke yangu sina neno linalotosha, na mara ya mwisho nilipofupisha neno tuliona yaliyotokea.

Kishanda ikupokee vyema. Migomba ikuzalie, wajukuu wakuchoshe, na kila asubuhi uamke mzima. Nenda ukiitwa Avit Byabato. Lile jina jingine liache hapa mapokezi, ni langu.

Maimuna, Karani wa Mapokezi