Breki na Kitabu cha Mhunzi

Benchi letu liko nje ya duka la Kinyozi, mkabala na maktaba ya mtaa. Upande mmoja Shangazi anachemsha kahawa kwenye jiko la mkaa, upande wa pili mimi natengeneza baiskeli, grisi hadi viwikoni. Zamani hapa palikuwa pa kubishania mpira na kupanda kwa bei ya sabuni. Mwaka huu Mkutubi, dada mpole wa sauti na mkali wa macho, alivuka barabara akatutwika shindano: kila mtu asome kitabu kimoja kila mwezi mpaka mwaka uishe, na akimaliza aje aseme kitabu kimemfanya nini. Si kinahusu nini, alisisitiza, bali kimekufanya nini. Tulicheka. Halafu tukaona aibu kukataa mbele ya mtoto wa watu, tukakubali. Sasa mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, na nafasi ya Breki kwenye benchi ilikuwa wazi kwa wiki nzima.

— Mimi naanza kuogopa, alisema Kinyozi, akikung'uta kitambaa chake mlangoni. Mtu mzima haondoki na kitabu cha maktaba hivi hivi.

— Wiki nzima! alisema Profesa. Asiyekuwepo machoni, na kitabu hakipo.

— Hiyo methali umeishona viraka, nikamwambia.

— Nimeiboresha.

Profesa alistaafu posta, ila tai hajaistaafisha. Tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila kuanza na neno "kitaalamu". Na Breki ni dereva wa malori, naye mstaafu, mtu wa mabega mapana ambaye ukibishana naye hunyanyua kiganja na kusema, "Shika breki hapo!" Kusoma kwake ni kwa kidole. Kidole kinatambaa chini ya mstari, midomo inacheza, na akifika kwenye neno refu anapunguza mwendo kama aliyeona shimo barabarani. Lakini alikuwa hakosi mwezi.

Kitabu kilichomwondoa kilikuwa riwaya ya mhunzi mmoja. Sote tulikuwa tumeshakisoma, kikazunguka benchi zima hadi kikamfikia yeye wa mwisho. Mchana mmoja akiwa katikati ya ukurasa, akakifunga, pa! Akatuangalia mmoja mmoja.

— Huyu aliyeandika alinijua wapi? akauliza.

Kabla hatujajibu akakisukumia kitabu ndani ya shati, akaondoka. Tangu hapo, kimya.

— Mimi nasema amejificha analia, alisema Kinyozi. Msicheke. Mnakumbuka mwezi ule niliosoma ile hadithi ya mapenzi? Nilikuwa nimeiegemeza kwenye kioo, namnyoa mteja huku nachungulia. Nikafika pale yule kijana anarudi kutoka safari na kumkuta mpenzi wake kaolewa. Machozi haya hapa. Nilipoyafuta, nusu ya sharubu ya mteja ilikuwa sakafuni.

— Alisemaje?

— Aliniuliza, "Kaolewa na nani?" Ikabidi nimsomee mpaka mwisho. Siku hizi haji kunyoa, anakuja kuuliza kama nina kingine.

— Kitaalamu, akaanza Profesa, kilio hakichukui wiki. Mimi mwaka huu nimesoma hadithi za upelelezi tano, na zimenifungua macho. Nyumbani sasa siketi nikiupa mlango mgongo. Sasa sikilizeni. "Alinijua wapi" ni maneno ya mtu aliyetambuliwa. Breki alikuwa akibeba abiria njiani zamani, au siyo? Mmoja wao alikuwa mwandishi. Safari ndefu, kiza, injini inanguruma, Breki akamwaga siri zake zote. Yule bwana akaenda akaziandika.

— Lakini kitabu kinamhusu mhunzi, nikasema. Mhunzi na dereva wapi na wapi?

— Ndiyo kumficha huko! Lori amelifanya tanuri, usukani ameufanya nyundo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kitabu alikitia ndani ya shati. Mnaona?

— Basi ameenda kumtafuta huyo mwandishi, alidakia Kinyozi, macho yamemtoka.

— Ameenda kumkaba! Amlazimishe abadilishe mwisho.

— Au mwandishi ndiye Breki mwenyewe, anaandika kwa jina la kubandika!

— Breki? nikauliza. Anayesoma kwa kidole?

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama! alisema Profesa.

Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Mwaka huo kitabu kilichokuwa kimenishika ni kimoja cha nyota. Sikukielewa nusu yake, lakini kilinifanya nitembee nikitazama juu, na jioni moja nikaingia mtaroni mzimamzima na baiskeli ya mteja. Nikawaambia pengine naye yumo kwenye mtaro fulani, twende tukamtafute.

Shangazi muda wote alikuwa anapepea mkaa. Yeye mwaka mzima alisoma mashairi tu, ubeti mmoja mmoja kahawa ikichemka, na kahawa ikiungua tulijua ubeti ulikuwa mzuri. Akaweka pepeo chini.

— Breki ana binti, akasema.

Tukageuka.

— Ana vijana wawili, nikamsahihisha. Anawataja kila siku.

— Anawataja hao wawili. Binti hamtaji. Aliwahi kupita hapa, akanunua kahawa, akaniuliza kama baba yake anaketi benchi hili na kama afya yake nzuri. Nikamwambia mngoje, atafika sasa hivi. Akasema hapana, Shangazi, nilitaka kujua tu. Akaenda zake.

— Na wewe hukutuambia?

— Mliniuliza? Nyinyi mna maneno mengi, maswali hamna.

Profesa alilegeza tai. Nami nikakumbuka kitabu chenyewe: mhunzi aliyefundisha vijana wote wa kijiji kufua chuma, huku akimfungia binti yake mwenyewe mlango wa karakana.

Tulikuwa bado tunatazama vikombe vyetu alipotokea Breki. Alikuja kwa miguu, vumbi limemganda kwenye nyusi, shati lile lile, kitabu hana. Akaketi mahali pake. Shangazi akammiminia bila kuuliza.

— Tulidhani umekufa, alisema Kinyozi.

— Bado.

— Na kitabu?

— Shika breki hapo, alisema, lakini kiganja hakukinyanyua. Nitasema. Si tulikubaliana kila mtu aseme kitabu kimemfanya nini?

Akanywa kidogo.

— Nilisoma mpaka pale yule binti yuko nyuma ya nyumba, anapiga jiwe kwa jiwe, anaigiza mlio wa nyundo ya baba yake. Mnapakumbuka? Nyinyi mlipita tu hapo. Mimi sikupita. Wangu alikuwa anageuza ndoo anaikalia, anashika kifuniko cha sufuria kama usukani, anaendesha mpaka anaitwa kula. Mdomoni honi, mdomoni gia. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

— Na wewe?

— Mimi nilimnyang'anya kifuniko. Nikawafundisha kaka zake. Mmoja anaogopa milima, mwingine anauza simu. Yeye nilimwambia barabara haina nafasi ya mwanamke. Akaenda kujifunza kwa mtu baki. Siku aliyoniletea leseni yake niione, alininyooshea hivi, kwa mikono miwili. Sikuipokea. Nikamwambia, kuanzia leo tafuta baba anayefanana na hiyo karatasi.

Kinyozi alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti cha duka lake, na mteja ndani, povu usoni, alikuwa ametoa kichwa mlangoni anasikiliza.

— Basi nikamfuata, Breki akaendelea. Niliuliza yadi hii, nikauliza yadi ile. Nilimkuta anazunguka lori lake na kipande cha chuma, anapiga tairi moja moja, anategea sikio. Nani alimfundisha kupima upepo kwa mlio? Mimi nilikuwa nafanya vile, yeye yuko mlangoni kadogo, nadhani anacheza. Akaniona. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Basi. Maneno yamekwisha. Nikamuuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema anapeleka saruji. Nikamuuliza kama kuna nafasi. Akanitazama weee, kisha akasema, "Kiti cha msaidizi kiko wazi."

— Ukapanda?

— Nikapanda. Mimi, kiti cha msaidizi! Tukafika kwenye mteremko, mteremko kweli kweli, wa kula malori. Mguu wangu ukakanyaga sakafu wenyewe. Akauona. Akaniambia, "Baba, breki iko huku kwangu."

Tulitaka kucheka, tukajizuia. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, na kicheko kikamponyoka vibaya, nusu yake si kicheko.

— Na hakuigusa. Alishuka na gia, taratibu, mpaka chini. Saruji tani zote zile, lori limetulia kama mtoto mgongoni. Hao niliowafundisha mimi hakuna anayeshuka vile. Nikataka kumwambia. Neno lilipanda mpaka hapa kooni, likazima. Nikawasha tena, likazima. Tumekaa njiani siku kadhaa, tumeongea mvua, tumeongea bei ya matairi. Kwenda na kurudi. Tulipoachana jana asubuhi yadini nikakiacha kitabu kwenye kiti, nikateremka. Sijui kama anasoma riwaya. Hilo nalo sijui.

Profesa alikohoa. Nilijua anatafuta la kumfariji mwenzake, na nilijua atalikosea.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, akasema kwa upole mwingi.

— Profesa! Shangazi akamkemea.

— Namsifu!

— Mwache, alisema Breki. Amesema kweli.

Mkutubi alikuwa ametoka kibarazani kwa maktaba, nadhani alitaka kuulizia kitabu chake. Alituona tulivyokaa, akarudi ndani.

Haikupita muda mrefu lori likasimama upande wa pili, likaziba maktaba yote. Akateremka mwanamke wa makamo, viatu vya ngozi vizito, kitambaa kichwani, mabega ya Breki kabisa. Mkononi ana kitabu, kidole kimoja kati ya kurasa za mwisho. Akatazama magari kulia na kushoto, akavuka.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitika wote, hata Kinyozi ambaye kwa umri labda yeye ndiye angemwamkia.

— Niliambiwa hapa ndipo mnapozungumza vitabu.

— Ndipo hapa, mwanangu, alisema Shangazi. Karibu.

Breki alikuwa ameinamia kikombe kama aliyeangusha kitu ndani yake.

— Nilikuwa nasubiri kushusha mzigo, nikakisoma chote, alisema yule binti. Sasa mwisho umenisumbua. Binti amejijengea tanuri lake. Mhunzi amezeeka, mikono inatetemeka, anakuja anasimama mlangoni. Anamtazama akifua jembe. Halafu kurasa zinaisha. Mimi nina swali moja tu. Alimwambia?

— Alimwambia nini? nikauliza.

— Chochote.

Mwaka mzima tulikuwa na majibu. Tulikuwa tumebishana kama mhunzi alikufa pale mlangoni, kama lile jembe lilikuwa la kumzikia, Profesa alishawahi kutuapia kwamba binti hakuwa binti bali mzimu.

— Kitaalamu… akaanza Profesa. Akaliacha neno hapo hapo.

— Mimi nilipokisoma, alisema Kinyozi polepole, nilidhani macho yake yalisema.

— Macho hayasikiki, kaka.

Binti alisema bila ukali. Akakishika kitabu kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele, hatukujua anampa nani kati yetu.

Breki akaweka kikombe chini. Akasimama, na magoti yakalia. Akakipokea kwa mikono yote miwili.

— Kitabuni sijui, akasema. Sikufika mwisho. Nilishindwa kufika.

— Naam, baba.

— Lakini ule mteremko, mama. Ule mteremko ulivyoushuka… Sijawahi kuona.

Akakipachika kitabu kwapani.

— Nilikosa, akasema. Siku ile ya leseni. Na kabla yake. Nisamehe, mwanangu.

Sisi tulikuwa na kazi nyingi ghafla. Mimi niliinamia mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. Kinyozi alikung'uta kitambaa kisicho na unywele hata mmoja. Yule mteja wa povu alirudi ndani akajikalisha mwenyewe. Profesa alitazama angani kwa makini sana, mawingu tu.

Binti alimtazama baba yake, tangu nyusi zenye vumbi mpaka viatu. Kisha akaketi kwenye benchi, mahali pa Breki hasa, akachukua kikombe alichokiacha akanywa, akakunja uso.

— Imepoa, akasema.

— Shangazi, mwongezee mtoto, alisema Breki.

Shangazi akainua birika, akaliinamisha, akalitikisa. Likatoka tone moja na machicha.

— Imekwisha.

— Basi bandika nyingine, alisema Breki, akatusukuma mimi na Profesa kwa paja ili apate nafasi ya kukaa karibu na bintiye. Bandika birika kubwa. Ana mengi ya kunijibu huyu, na mimi leo sina haraka.