Kimotho Ngari, Aliyekaa Chini ya Veranda Zake

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Gathii, mdogo wake marehemu, na tafadhali nyinyi mnaosogelea ngazi ya veranda, ngojeni, hakuna anayepanda kabla sijamaliza.

Kimotho alizaliwa Nyeri tarehe 14 Aprili 1963, kifungua mimba wa marehemu Ngari na marehemu Nyaruai, akaletwa Kitale mwaka wa 1970, akasomea Tuwan hadi darasa la saba, ingawa walimu walilalamika ati hakai kitini, na kweli hakuwahi kukaa.

Alianza useremala mjini Kitale mwaka wa 1981, na tarehe 12 Desemba 1987 alikuwa arusini Tuwan wakati veranda ya mbao, iliyopigiliwa ukutani kwa misumari peke yake, ilipobanduka na watu wakicheza juu yake, akavunjika mguu, na tangu hapo akauita msumari mwongo. Veranda zake alizifunga kwa bolti zinazopenya boriti na ukuta, akaweka bati juu ya maungio ili mvua isiozeshe mbao, na siku ya kukabidhi aliwapandisha wenye nyumba wote, wazito wakitangulia, akawaambia waruke, naye akaketi chini yake na kikombe cha chai. Hapo tu ndipo alipotulia.

Tarehe 18 Agosti 1990 alimwoa Nasike wa Bokoli, ingawa posa ilikuwa karibu iharibike, maana alipofika ukweni, kabla ya kusalimu mtu, aliingia chini ya veranda yao kwa magoti, suti na yote, na mzee Wangila, babake Nasike, akauliza huyu kijana ameangusha nini. Walibarikiwa na binti, Nyaruai, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka wa 1992, naye akarithi randa ya babake na ukaidi wake, wakahamia hapa Tongaren mwaka wa 2004.

Januari mwaka huu alianza kumjengea Nasike veranda hii, aote jua kwa sababu ya miguu inayomuuma, akaishikiza kwa misumari akingoja bolti, na mwezi wa Machi saratani ya tumbo ikamwangusha. Jamani, kaka yangu hakuogopa kufa, aliogopa matanga. Alijua mtakuja wengi, mtapanda, na Nasike atakuwa katikati yenu, kwa hivyo kila aliyemtembelea hospitalini aliulizwa habari ya bolti kabla hajaketi. Alituaga tarehe 9 Septemba 2025 bado akiuliza, na hilo linatuuma sana. Binti yake Nyaruai alikaza bolti ya mwisho jana asubuhi, akilia na spana mkononi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea kuni na mahindi, na mafundi wenzake wa Kitale.

Sasa kwaya pandeni, wazito mtangulie, na mama Nasike akae katikati. Jeneza tumeliweka chini, pale pale angeketi na kikombe chake. Imbeni, na mruke. Kaka, sikiliza mwenyewe, na usiposikia ubao ukilia, basi tulia sasa, upumzike kwa amani.